Mkono wa Baba Kamili

Jumatatu asubuhi, king'ora cha kinu cha pamba kilipolia, Mama Kamili alikuwa amekwisha kujifunga kanga ya pili kiunoni na kukaa mahali pake kwenye meza ya kuchagulia. Kazi yake ilikuwa kutenganisha pamba safi na pamba fifi: nyeupe kulia, yenye doa la mdudu kushoto, majani na vijiti chini. Jina lake la ubatizo lilikuwa Justina, lakini pale kinuni, ng'ambo ya reli ya Shinyanga, hakuna aliyelitumia isipokuwa karani anapoita majina.

Siku hiyo nyuma yake alisimama mgeni mwenye saa kiganjani. Aliitwa Ndugu Bartholomeo, mtaalamu wa kupunguza upotevu, na alikuwa ameletwa kutoka Dar es Salaam kwa sababu kinu kilikuwa nyuma ya malengo ya msimu. Alikuwa mtu mpole, aliyewaamkia hata wafagizi. Alisema maneno machache: kutembea bila sababu ni upotevu, kusubiri ni upotevu, kunyanyua gunia mara mbili ni upotevu. Kisha akasogeza meza karibu na mashine ili magunia yasizunguke tena uwanja mzima, akachora mistari ya chokaa sakafuni, na kila kitu kikapata mahali pake. Mama Kamili, ambaye mgongo ulikuwa ukimsumbua tangu msimu uliopita, alilala vizuri wiki hiyo. Mtu asije akasema kwamba ushauri wa yule bwana ulikuwa mbaya.

Kitu kimoja hakukigusa. Mashine nambari nne haikuwa na kifuniko. Kilikuwepo, kifuniko cha chuma cha kukinga mikono ya mlishaji isifike kwenye roli linalovuta pamba na kisu, ila kilikuwa kimeegemezwa ukutani tangu msimu wa juzi. Meneja aliamuru kiondolewe kwa sababu pamba ilikuwa ikikwama, na kila ikikwama mashine inasimama. Mlishaji wakati huo alikuwa Telesphori, mume wa Mama Kamili. Mashine ikamchukua mkono wa kulia, pale pa kufungia saa. Watu waliutafuta kwenye mbegu, wakautafuta kwenye nyuzi, wasiuone. Wakakubaliana kwamba umepita pamoja na pamba, ukashindiliwa ndani ya robota na kupakiwa kwenye behewa. Wazee wa Telesphori, kule Ushirombo, walitaka uzikwe, kwa kuwa kiungo cha mtu hakiachwi kizagae. Hapakuwa na cha kuzika.

Mkono ulirudi Alhamisi ya wiki hiyo kwa treni ya mizigo kutoka pwani, katika behewa lililoleta magunia matupu. Mlinzi wa getini aliuona ukija kwa vidole juu ya kokoto za reli, akaufungulia mlango mdogo. Ulikuwa na vumbi na umekonda kidogo. Ukapita katikati ya mistari ya chokaa bila kukanyaga hata mmoja, ukapanda mashine nambari nne, ukaanza kulisha pamba.

Gregory, nyapara wa zamu, aliutazama kwa muda. Kisha akamwambia mlishaji aliyekuwa pale asogee, akashike ufagio.

Mama Kamili aliujua kabla hajaukaribia. Ulikuwa na kovu la mundu chini ya kidole gumba, na kucha ya kidole cha shahada ilikuwa nyeusi tangu ng'ombe alipoikanyaga. Akasimama kando ya mashine, akapiga goti kidogo.

"Mwangaluka, Baba Kamili," aliamkia kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, asijue kama mkono peke yake unastahili heshima ya mtu mzima.

Mkono haukuwa na cha kujibia. Ulikuwa ukichota na kulisha, ukichota na kulisha, na kila ulipopita karibu na kisu haukupunguza mwendo. Hapo ndipo hofu ilipomwingia Mama Kamili. Hakuogopa kuuona mkono. Aliogopa kasi yake.

Ndugu Bartholomeo akaja, akaupima kwa saa.

"Huu haukohoi," alimwambia Gregory. "Hauendi chooni. Haugeuki kutazama nani ameingia." Hakusema kwa furaha. Alisema kama mganga wa zahanati anayesoma kipimajoto.

"Ni wa mume wangu, Ndugu mtaalamu," Mama Kamili alisema. "Naomba nikimaliza zamu niondoke nao."

"Ni haki yako, mama. Ngoja tu zamu yake iishe."

Lakini zamu ya mkono haikuisha. King'ora kililia, watu wakatoka, wengine wakaingia, na mkono ukaendelea kuchota na kulisha.

Nyumbani Telesphori alikuwa akimenya muhogo, ameubana kwa nyayo. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Kucha ile nyeusi imeota?" aliuliza.

"Bado."

"Basi ni wangu."

Kesho yake alivaa shati lake la kanisani, mkono wa kulia wa shati ukiwa umebanwa kwa pini, wakaenda pamoja. Meneja alitoka ofisini kuwalaki. Alimpa Telesphori mkono wa kushoto, akamwuliza habari za watoto.

"Ndugu Telesphori, hapa hakuna anayeuzuia," alisema. "Wenyewe ukikubali kwenda, nenda nao."

Telesphori akasimama mbele ya mashine nambari nne. Wafanyakazi waliendelea na kazi, ila waliendelea taratibu.

"Twende nyumbani," aliuambia mkono. "Tumepata mtoto mwingine tangu uondoke. Hujamshika."

Mkono ukasimama. Pamba ikajaa mdomoni mwa mashine, roli la ngozi likaanza kulia na kutoa harufu ya kuungua. Gregory akakohoa. Mkono uligeuka huku na huku kama mtu aliyeitwa na watu wawili kwa pamoja, kisha ukachota pamba.

Telesphori akamgeukia mkewe. "Mkono umeshazoea," alisema. "Tuliuacha humu, sasa unadhani ndiko kwao."

Alirudi nyumbani peke yake. Kinuni hakukanyaga tena.

Mwisho wa mwezi ilionekana kwamba mashine nambari nne imezipita zote kwa marobota. Meneja akaitisha mkutano mfupi uwanjani. Alisema mashine inayoongoza ni ile isiyo na kifuniko, kwa hiyo vifuniko vyote viondolewe. Mafundi wakaja na spana zao. Kabla ya chakula cha mchana vifuniko vyote vilikuwa vimepangwa ukutani, kwa unadhifu, ndani ya mstari wa chokaa.

Tangu hapo watu wakaanza kuficha mikono. Wakiwa hawana kazi waliikunja makwapani, au waliifunga kwenye pindo la kanga. Kwenye meza ya kuchagulia, Scolastika, aliyekaa mkabala na Mama Kamili, alisema bila kuacha kuchagua:

"Wameshaona mkono unatosha, mwenzangu. Sisi tulioning'inia nyuma yake ni mzigo."

"Usiseme hivyo."

"Nisiposema mimi, mkono wangu utasema. Tazama."

Aligeuza uso akatazama dirishani, akakaa hivyo. Mikono yake iliendelea: safi kulia, fifi kushoto, wala haikukosea. Mama Kamili akatazama ya kwake. Nayo ilikuwa ikifanya vivyo hivyo, na hakukumbuka ni lini alikuwa ameacha kuiongoza. Jioni, akimsuka bintiye, vidole vilianza kuchambua nywele, hizi huku, hizi kule, mpaka mtoto akasema, "Mama, unaniumiza." Akaikalia mikono yake. Aliisikia ikimpapasa chini ya mapaja, ikitafuta pamba.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya Mageni, kijana wa Kahama, aliyelisha mashine nambari mbili. Hakupiga kelele. Alitoa tu sauti ya mtu aliyekanyaga mwiba, akakaa chini, akautazama mkono wake ukidondokea upande wa nyuzi. Mkono ulijikung'uta, ukapanda juu ya mashine, ukaendelea pale alipoishia. Walimfunga Mageni kwa kanga ya Scolastika, wakampakia kwenye Landrova kwenda hospitali. Yeye hakurudi. Mkono wake haukukosa siku hata moja.

Ndugu Bartholomeo alitoka nje, akatapika kando ya ukuta. Aliponawa uso alikwenda moja kwa moja ofisini, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi, waliokuwa mezani walisikia.

"Naomba vifuniko virudishwe."

"Uliletwa kupunguza upotevu, Ndugu Bartholomeo."

"Na huu ni nini?"

"Mashine ilisimama?"

"Haikusimama," mtaalamu alisema.

"Basi."

Alitoka na saa yake, akasimama mahali pake pa kila siku. Mama Kamili alimtazama kwa kitambo, akitumaini angesema neno jingine. Alikuwa akipepesa macho kama mtu aliyeingiwa na vumbi la pamba, kisha akabonyeza saa.

Haukupita muda meza ya kuchagulia ikapunguzwa, maana ilionekana inabeba watu wengi kuliko pamba. Scolastika akarudishwa kwao Maganzo. Mama Kamili, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa mikono, akapelekwa kulisha mashine nambari tano, jirani na nambari nne. Alimwomba Gregory ampe ufagio badala yake.

"Mama Kamili, mimi naambiwa tu," Gregory alisema, akitazama viatu vyake. "Uwe mwangalifu, basi."

Siku ya kwanza alisimama mbali kadiri mikono ilivyoruhusu. Kisu kilikuwa pale pale, kikipanda na kushuka, kiking'aa mahali pamba ilipokipangusa, na mikono yake ilikiendea kama mbuzi waendavyo kwenye chumvi. Aliisihi moyoni irudi nyuma, isirudi. Vidole vilipokuwa vimebakiza upana wa kucha, kitu kikampiga kofi dogo mgongoni mwa kiganja. Ulikuwa mkono wa mumewe. Ulikuwa umenyoosha kidole kutoka mashine nambari nne, ukamsukuma nyuma, ukarudi kwenye kazi yake.

Ulifanya hivyo asubuhi nzima. Kila alipokaribia mno, kofi dogo, kisha kuchota na kulisha. Mama Kamili akasogea, akasimama sawasawa. Mchana alileta chupa ya mafuta ya karanga, akaupaka mkono ule pale ulipokuwa umekauka, kati ya kidole gumba na kovu la mundu, nao ukatulia kidogo chini ya vidole vyake kabla haujaendelea. Nyumbani alimweleza Telesphori. Telesphori akasema, "Kumbe haujasahau," akatoka nje kwenda kufunga ng'ombe. Usiku ule Mama Kamili hakuikalia mikono yake.

Jumamosi, Ndugu Bartholomeo alikuja kupima mashine nambari nne, maana ilikuwa imeshuka. Alisimama pale muda mrefu. Aliona kofi, akabonyeza saa; akaona lingine, akabonyeza tena. Meneja alikuwa nyuma yake.

"Ni nini kinachoirudisha nyuma?" meneja aliuliza.

Mtaalamu aliitazama mikono ya Mama Kamili, akautazama na ule mmoja.

"Kuna mwendo mmoja pale," alisema mwishowe. "Hauingizi pamba."

"Uondoe."

Gregory alimshika Mama Kamili bega, kwa adabu, akamhamishia mashine nambari moja, mwisho wa safu, ambako upande mmoja ni ukuta na upande wa pili ni njia ya magunia. Nambari tano ikapewa mkono wa mtu ambaye hakuna aliyemkumbuka, uliokuwa umefika kwa treni juzi yake. Kabla zamu haijaisha nambari nne ilikuwa imerudi mbele, na meneja akaagiza watu wapewe soda.

Mama Kamili alisimama mbele ya mashine nambari moja. Hakukuwa na mkono wa kumfikia alipo. Akarudi nyuma hatua moja, mikono yake ikabaki imenyooka mbele. Roli likaanza kuzunguka, naye akasogea ili asiiache mikono peke yake, akalisha.