Taifodi ya Kila Mtu

Huku kwetu mlimani, juu ya Makumira, taifodi haimtishi mtu. Ukienda kupima pale maabara ya sokoni na mafua yako, unarudi na taifodi. Ukienda na mgongo, taifodi. Mwaka juzi kaka yangu Nathanaeli alijikata kwa jembe mguuni, akarudi na bendeji na taifodi. Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma.

Kwa hiyo Hanna, binti yake wa miaka saba, aliposhikwa na homa kali ghafla, na maabara ikasema taifodi, Nathanaeli aliviweka vidonge juu ya kabati bila hata kuvifungua.

"Wale wanafanya biashara," alisema. "Mtoto kanyeshewa tu shambani." Akampa Panadol.

Mkewe, Eunike, hakucheka. Jumapili ya kwanza ikapita, na ya pili, homa ipo pale pale. Mtoto hali, amelala akiutazama ukuta.

"Baba Hanna, tumpeleke mjini akapimwe vizuri."

"Wakatupe taifodi ya mjini?"

Mimi ni shangazi wa mtoto, nikamwambia kaka yangu ana kichwa kigumu. Akanijibu nikatawale kwangu.

Alhamisi asubuhi homa ikashuka. Hanna alikuwa baridi, jasho limemlowesha. Nathanaeli akapita kwa majirani akitangaza, na saa sita haijafika kina mama wa usharika walishajaa sebuleni wakiimba nyimbo za shukrani. Mmoja alikuja na loshoro, maana mtoto aliyetoka kwenye homa lazima arudishiwe nguvu, na hapa kwetu nguvu ni maziwa mgando na mahindi.

Eunike akamwinua ale. Hanna akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mtoto. Nikaweka mkono tumboni mwake, nikakuta limekaza kama ubao. Kule sebuleni waliendelea kuimba, hawakujua.

Tulipofika hospitali mjini, daktari alimpima, akatuita pembeni. Alituambia taifodi ilikuwa imetoboa utumbo wa mtoto, na uchafu umeenea tumboni. Homa haikushuka kwa kupona. Mwili ulikuwa umeishiwa. Alisema wangempasua jana, labda. Leo hawezi kustahimili kisu.

Eunike alikaa chini sakafuni, hapo hapo koridoni. Nikakaa naye.

"Daktari," Nathanaeli akauliza, "hiyo ni taifodi ya kweli?"

Nilitamani daktari amtukane.

"Ingia ndani, mzee," alisema. "Mshike mkono. Bado anasikia."