Alama Iliyofutwa kwa Kiatu

Ruggero hajawahi kushika raketi, ila ukimsikia akitabiri tenisi utadhani kazaliwa katikati ya kiwanja. Kila asubuhi ya mashindano huja kwenye baa ya klabu ninayoiendesha akiwa na udongo mwekundu wa kiwanja kiganjani. Huunusa, hufumba macho, kisha hutangaza nani atashinda. Wazee wazima wenye pensheni zao humsikiliza midomo wazi, halafu hukimbilia kubeti. Ananichefua.

Safari hii mwanawe mwenyewe, Duccio, alikuwa amefika nusu fainali, jambo ambalo mji wetu haukuwahi kuliona. Ruggero akanusa, akasema udongo umelowa, mpira utakuwa mzito, kwa hiyo mpinzani wa Duccio, Muajentina, atashinda. Yeye na wazee wake wote wakaweka mzigo kwa Muajentina.

"Huoni haya?" nikamuuliza.

"Dada Nives, mtabiri hana mtoto. Duccio hana roho ngumu, akibanwa anaachia. Namjua, nimemzaa mimi."

Duccio alikuwa meza ya nyuma yake, anamalizia kahawa. Alisikia yote. Akaweka kikombe akatoka bila kuaga.

Mchana huo, huyo asiye na roho ngumu alipigana mpaka seti ya mwisho, jezi imegeuka rangi ya tofali. Muajentina akabakiza pointi moja tu kumaliza mechi. Akapiga, mpira ukatua karibu na mstari upande wa Duccio, mbele ya pua zetu mimi, Ruggero na wazee wake, tuliokaa kando ya kiwanja. Mwamuzi akasema nje. Muajentina akaomba alama ya mpira kwenye udongo ikaguliwe, mwamuzi akaanza kushuka kwenye kiti chake kirefu. Alama ilikuwa wazi, nje kwa vidole viwili. Hata Ruggero aliiona.

Duccio akamtazama baba yake, kisha akaifuta alama kwa kiatu. Kwenye udongo, ukiifuta mwenyewe umekubali kwamba mpira ulikuwa ndani na pointi si yako. Mechi ikaisha hapo.

Akampa mwenzake mkono, halafu akaja tulipokaa. "Kachukue hela zako, baba," akasema kwa upole. "Sikutaka uumbuke mbele ya rafiki zako."

Ruggero akainuka, akawa anamwonyesha mwamuzi kwa kidole mahali ambapo hapakuwa na alama tena. "Ulikuwa nje," akasema. "Nimeuona kwa macho yangu. Mwanangu hajashindwa."

Hakuna aliyemsikiliza. Wazee wake walikuwa wanampigapiga bega, wakimsifu kwa utabiri.