Sala ya Mke wa Tarkowski

Mwanamume mwenye theluji ndevuni alimkumbatia Noreen hata akamwinua kitini. "Fainali, shemeji! Miaka hamsini tumengoja!" Bia ilimmwagikia begani. Watu elfu sabini walikuwa wakilia na kucheka kando ya ziwa lililoganda, na miongoni mwao yeye peke yake ndiye aliyekuwa msibani.

Wiki tatu alikuwa akiomba washindwe. Mechi za mtoano hazina huruma: anayefungwa hurudi nyumbani. Hilo ndilo alilolitaka, mumewe arudi nyumbani. Wendell Tarkowski alikuwa na miaka thelathini na minne. Kwa misimu kumi na miwili ya futiboli ya Kimarekani yeye ndiye aliyeinama katikati ya mstari wa mbele, akaupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake, kisha akayapokea kwa kichwa majitu yaliyomjia kama mafahali. Kichwa nacho si jiwe, na hata jiwe hulika. Tangu Novemba alikuwa akisahau: jiko likiwaka, njia ya kanisani, jina la mbwa. Alipojua kuwa mkewe amejua, alimshika mikono yote miwili.

"Usimwambie Dokta. Tukitolewa tu, nitakwenda mwenyewe."

Noreen alikubali, maana hakuna aliyedhani wangefika mbali. Lakini walishinda ya kwanza, wakashinda ya pili, na leo wameshinda ya tatu.

Alimkuta nje ya chumba cha kubadilishia nguo, jezi imechanika, macho yakimeremeta. Dokta Brandvold, daktari wa timu, alikuwa akimpigapiga mgongoni.

"Umeona, mke wangu? Umeona?" Wendell alimkumbatia, kisha akaangaza macho nyuma yake. "Mama yuko wapi? Nilimwambia ashuke nawe."

Mama yake walimzika Oktoba. Wendell mwenyewe alibeba jeneza.

"Kabaki nyumbani," Noreen alisema taratibu. "Baridi."

"Shemeji, mumeo leo kacheza kama ana miaka ishirini!" Dokta alicheka. "Haya, huko nyumbani shwari?"

Lilikuwa swali la salamu tu, lisilodai jibu. Noreen alimtazama mumewe. Furaha ile hakuwahi kuiona usoni pake, na alijua akifumbua kinywa ataizima. Imebaki mechi moja tu. Lakini pigo moja nalo linatosha.

"Mama yake alifariki, Dokta," alisema. "Tangu Oktoba."

Cheko la daktari lilikatika. Wendell hakupaza sauti.

"Miezi yote hiyo ulikuwa na mdomo," alimwambia mkewe. "Ukaichagua leo?"

Vipimo vilithibitisha yote aliyoyaogopa, na zaidi. Fainali waliitazama sebuleni, mapazia yamefungwa, mabawa ya kuku yakipoa sahanini.

"Yule nani pale kwangu?" Wendell aliuliza.

"Dill. Yule wa akiba."

"Kwa nini si mimi?"

Akamweleza: kichwa, vipimo, uamuzi wa madaktari. Wendell alisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu.

"Nani aliwaambia?"

"Mimi."

Jitu lile lilijikunja kochini likalia. Noreen alinyoosha mkono, akaurudisha; hakujua kama bado ana haki ya kumgusa. Timu ikafunga, mtaa mzima ukalipuka kwa honi. Wendell alifuta uso, akakitazama kioo cha televisheni kwa makini.

"Yule nani pale kwangu?"

Akamweleza upya, na uso ule ukavunjika upya, kama haukuwahi kuvunjika. Noreen alikuwa amedhani usaliti hutendwa mara moja, ukaisha.

Zilikuwa zimebaki dakika chache, timu ikiongoza, Wendell alipogeuka tena. Alikuwa ametulia, karibu mchangamfu.

"Hivi, kwa nini sipo uwanjani?"

Noreen alivitazama vidole vyake vinene, vilivyopindapinda.

"Goti," alisema. "Umeumia goti."

Wendell aliliangalia goti lake, akaanza kulisugua polepole.

"Ndiyo maana," alisema. "Linauma kweli."