Makombo ya Nesi

Hapa Samoa mgeni hula kwanza, mwenye nyumba akala makombo. Basi kila nikienda kumpima sukari Mzee Lautele, hunitengea sinia la magimbi ya tui na nyama ya kopo, kisha hukaa pembeni akivizia.

"Onja tu, nesi wangu. Usijilazimishe."

Mjanja huyo! Nikaamua kulifyeka sinia lote, kila wiki, nisimbakizie hata punje. Sukari yake ikashuka.

Juzi nikajipima mwenyewe. Yangu imepaa! Mzee alipopata habari, akaja kunijulia hali. Mgeni ni mgeni, nikampakulia.

Akala chote, akalamba na vidole.

"Usinishukuru, binti yangu," akasema huku akicheua. "Nakutibu."