Kipande cha Mvule

Kadi ya Bonaventure ilikuwa na vyumba saba, sita vimejaa, kimoja kitupu. Hicho kimoja ndicho kilichomnyima usingizi.

Mwaka huo wa 1957 alikuwa anamaliza shule ya kilimo ya miaka miwili, nje kidogo ya Baraka, ila roho yake haikuwa kwenye pamba wala mihogo. Alitaka kusomea misitu, chuo kikuu, safari ya wiki mbili kutoka pale. Furere Henri, mtawa Mbelgiji aliyeongoza shule, ndiye aliyemchorea kadi: hesabu, kemia, mimea, udongo, kupima ardhi, Kifaransa, kazi ya msituni.

"Ukijaza yote saba," alimwambia, "chuo kitahesabu miaka yako miwili, utaingia mwaka wa tatu. Ukikosa moja, unaanza upya. Na mwaka ujao utakuwa umepita umri wa kupokelewa."

Muhula wa kwanza alikuwa ameutupa mwenyewe. Alichagua ufugaji wa sungura, akapata alama ambazo sungura wenyewe wasingezipata, kumbe chuo hakitaki habari za sungura. Tangu siku hiyo alipanga masomo kwa hofu: ukiacha kemia sasa, huruhusiwi udongo baadaye, na bila udongo hakuna msitu.

Kazi ya msituni ilidai vitu vitatu. Daftari la vipimo vya mti mmoja mkubwa, tangu umesimama hadi umelala chini. Kidole gumba cha mwenye mti, kimebandikwa kama saini. Na kipande cha shina, mviringo mzima, unene wa vidole vitatu, kilichokauka sawasawa ili pete zake zihesabike. Yote yafike kwa Furere tarehe ishirini na tano Juni, siku ambayo meli ingepita Baraka kuchukua dosye, yaani faili, za wanafunzi.

Mti aliupata Ubwari, kwenye rasi ile ndefu iliyojichomeka ziwani. Ulikuwa mvule wa Mama Mwanahamisi, mjane aliyekuwa na mitumbwi miwili mizee na hamu ya wa tatu. Mnene, huo mvule. Ndege akianza kuuzunguka asubuhi, saa sita anatua apate chakula, ndipo aendelee. Fundi wa mitumbwi, Useni, na ndugu zake wawili walikuwa wamekwisha kunoa mashoka, wamekaa wanakula. Bonaventure akazungusha kamba yake, akaandika. Mstari uliofuata katika daftari uliuliza unene wa gome. Akachukua shoka la Useni lililoegemezwa pale, akapiga mara moja.

Mikono yote ikasimama juu ya bugali.

"Umepiga?" Useni akauliza.

"Nimepima gome tu, fundi."

"Mi sikuulize kama umepima. Nauliza umepiga?"

Bonaventure alikuwa mtu wa Fizi, wa milimani, hakujua. Kwa wachonga mitumbwi wa Ubwari, anayepiga shoka la kwanza ndiye baba wa mtumbwi. Hauachi mpaka uingie ziwani. Akiuacha, siku moja utazamisha waliomo. Ndiyo maana Useni alikuwa anakula kwanza. Alikuwa anajiandaa kwa siku arobaini.

"Batu ba mulima," Useni akasema, akinawa. "Munaona mutumbwi kama sahani ya sombe, munaonja munaondoka. Haya, baba, shika shoka yako."

Alijaribu kuondoka. Pwani, mwenye mtumbwi wa kwenda Baraka alimwangalia kutoka miguuni mpaka kichwani. "Habari yako imeshafika. Mi niko na batoto nyumbani, sipakie muntu kama we." Wa pili akasukuma wake majini bila kumngoja. Kwa miguu angeweza kuizunguka rasi, siku mbili tatu, lakini angefika bila kidole cha Mama Mwanahamisi, na kidole hicho mwenyewe alikuwa amekifungia ndani ya kitenge.

"Kidole yangu iko hapa, mwanangu, haiende popote," alimwambia. "Itasaini siku mutumbwi yangu itaingia mu maji."

Siku zilizobaki zilikuwa kumi na tisa.

Mti ukaangushwa kwa siku tatu. Bonaventure akakata kipande chake cha mtihani kwanza, kule juu shina linapokuwa jembamba, akakiweka juu ya ulingo wa kukaushia migebuka, samaki wa ziwa lile, juu ya moshi. Halafu akaingia ndani ya gogo na tezo, akachonga kuanzia mapambazuko hadi giza. Viganja vilitoka malengelenge, malengelenge yakatoka malengelenge yao. Akitaka kuandika vipimo, vidole vilikataa kufunguka, ikabidi Useni ampenyezee kalamu katikati yake. "Polepole," Useni alisema kila siku. "Hapa chini iko nyembamba." Bonaventure hakusikia. Alikuwa anahesabu tarehe.

Siku ya kumi na saba tezo likapita. Akachungulia chini ya miguu yake akaona majani, na siafu mmoja akimtazama.

Useni akaja, akaingiza ngumi kwenye tundu, akaitoa. "Kiraka," alisema. "Ya huyu huyu mvule. Na iwe imekauka, ndiyo ikionja maji ivimbe, izibe. Mti mubichi itasinyaa siku ya jua, batu bakufe."

"Tukaushe kingine."

"Wiki mbili."

Wote wakageuka kuutazama ulingo wa samaki. Bonaventure hakugeuka, alijua kilichokuwa kule. Bila kiraka, mtumbwi hauingii majini, na bila maji hakuna kidole. Akiweka kiraka, kidole atapata, lakini kipande hana. Akatoka ndani ya gogo. Kisha akaenda akakiteremsha, cheusi kwa moshi, kinanuka mgebuka, akalipanua tundu likitoshee kizima, akakilainisha kingo mwenyewe, akakigongomea tunduni hadi kikalala.

Kesho yake, mtumbwi ulishushwa. Mama Mwanahamisi akapaka gumba masizi na mafuta ya mawese, akasaini. Alfajiri ya ishirini na tano wakavuka kwenda Baraka, Useni na ndugu zake wakipiga kafi, Mama amekaa mbele, Bonaventure amepiga goti juu ya kiraka, mkono mmoja unachota maji kwa kibuyu.

Meli ilikuwa imefika, inafuka moshi. Furere Henri alisimama mchangani na mkoba wa dosye. Alisoma daftari, akatazama alama ya kidole.

"Na kipande?"

"Kiko, Furere. Ila hakiwezi kutoka."

Furere alichungulia ndani ya mtumbwi, akaelewa, akapandisha kanzu hadi magotini, akaingia. Akainama, akapangusa maji, akaanza kuhesabu pete kwa ncha ya kalamu.

"Furere anatafuta nini mule?" mama mmoja akauliza pwani.

"Zambi za bavuvi," mwenzake akajibu. "Tutalala hapa."

Alifika sitini, meli ikapiga honi, hesabu ikampotea. Akaanza upya. Mara ya pili alifika mia moja na nne, akajaza chumba cha saba cha kadi akiiegemeza mgongoni mwa Bonaventure, akakimbilia meli na kanzu imelowa.

Bonaventure akaitazama meli ikiondoka na miaka yake miwili ndani. Jibu la chuo lingerudi Septemba.

"Haya, turudi," Mama Mwanahamisi akasema.

"Mama, mimi nimemaliza. Umeingia majini."

"Umeingia," Useni akakubali. "Lakini kiraka haiyavimba. Na mwenye kuiweka ndiye anaikalia."

"Siku ngapi?"

"Inategemea. Baba yangu alikalia ya kwake mpaka mavuno."

Bonaventure akapeleka kidole ukingoni mwa kiraka. Maji bado yalikuwa yanapenya, membamba, baridi. Mtumbwi ulikuwa umekwisha kusukumwa, na mchanga wa Baraka unarudi nyuma.

"We inua goti," Useni akasema, bila kuacha kafi, "tuone nani anajua kuogelea."