Plagi ya Matundu Nane

Mke alikuwa ameshafika kwenye ngazi, kiti chake cha kazi kikitangulia mabegani mwa kaka yake, na mume bado amesimama mlangoni akisema plagi ni plagi.

Mtaani walimwita Injinia, kwa utani, naye akaupokea utani kama cheo. Mkewe aliishi kwa kuhariri video za watu. Kompyuta ndiyo jembe lake. Pawasaplai, kile kisanduku kinachoilisha umeme, ilipokufa, Injinia akaleta nyingine kuukuu. Waya wake wa kulisha prosesa, ubongo wa kompyuta, ulikuwa mfupi, haukufika kwenye soketi. Mke akasema asiguse, anaenda kutafuta wa kurefushia.

Kusubiri ndiko asikokujua Injinia. Akauona waya mrefu, wa kadi ya picha, nao pia una matundu nane kama ule mfupi. Ukagoma kuingia. Mwingine angejiuliza kwa nini. Yeye alishika wembe, akachonga pembe za plastiki mpaka ukaingia, wala hakutazama kwamba upande wa kuleta umeme na wa kuurudisha umekaa kinyume. Alipowasha, ikalia ta, ikafuata harufu; ubao mkuu wa kompyuta umeungua.

Mke aliporudi aliambiwa umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu. Akaamini. Akawapigia wateja mmoja mmoja kueleza kwa nini kazi zao zimechelewa, akawaapia hivyohivyo.

Hadi alipofagia chini ya meza akakuta vipande vya plastiki nyeusi. Akavipachika kwenye plagi ya ule waya mrefu, vikakaa sawasawa.

“Ungesema tu umeiunguza,” alimwambia. “Ningelia, yakaisha.”

“Kwa hiyo vijiplastiki ndivyo vinavunja nyumba?”

“Nimewaapia watu uongo wako kwa mdomo wangu.”

Sasa mke alikuwa anahama, na kabati lake likakwama mlangoni. Kaka mtu akafuta jasho. “Shemeji, lete wembe utuchongee mlango.”

Injinia alilitazama kabati, akawaambia waligeuze, miguu itangulie. Likapita bila hata mkwaruzo. Mkewe akamwangalia kwa muda, kisha akashuka.

Kaka mtu alirudisha gari la watu, lile aliloazima kuhamishia vitu, jioni ileile. Mke alipanga chumba kwingine, akafanya kazi kwa kompyuta ya kuazima. Nusu ya wateja hawakurudi. Injinia alinunua ubao mpya na waya wake halisi, akampelekea. Ulirudishwa kwenye boksi lake, haujafunguliwa. Upo nyumbani kwa Injinia, juu ya meza. Mtaani bado wanamwita Injinia.