Kidonge Kilichokula Pilau

Jana usiku niliota kidonge kimekaa kwenye kiti changu mezani, nami mwenye nyumba nimesimama pembeni kama mtu aliyekuja kuazima chumvi.

Nilikijua. Ni kile cha projesteroni ninachomeza kila ninapokwenda kulala. Hedhi ilipokatika, joto likanishika na usingizi ukanihama, daktari akanipa homoni ya kupaka mkononi. Hiyo ikiachwa peke yake inaunenepesha ukuta wa mji wa mimba mpaka mambo yaharibike, kwa hiyo kidonge ndicho kinachoulinda. Sawa, sikubisha. Lakini tangu mawifi zangu wafike kwa ajili ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yangu Aikande anayeolewa, na kupika kukawa hakuishi, kila asubuhi naamka nayumba kama mlevi wa pombe ya mbege. Na Jumamosi natakiwa kusimama mbele ya ukoo mzima nimkabidhi mwanangu. Kusimama, si kuegemea ukuta.

"Unafanya nini hapo?" nikakiuliza kidonge.

"Nasubiri kukaribishwa. Mnakula pilau, mtu yuko mezani, hamsemi karibu?"

Mimi nimelelewa. Nikasema karibu. Kwetu, neno hilo husemwa ili mgeni ajibu, "Asanteni, nimetoka kula sasa hivi," kisha maisha yanaendelea. Kidonge hakikujibu hivyo. Kilivuta sufuria.

Kinakula. Kila kikikutana na iliki au karafuu, kinaitoa na kuiweka pembeni mwa sahani kwa adabu, mstari ulionyooka. Na kila tonge linaloingia, kinanenepa. Kwanza kinakuwa kama yai. Kisha kama papai. Pilau inakwisha, kinaomba mafuta yaliyobaki chini ya sufuria, kinayanywa. Sasa ni gunia la mkaa, tena lumbesa, limefurika mpaka juu ya mdomo.

"Nimeshiba," kinasema. "Lete kichwa."

"Cha nini?"

"Nikikalie. Nikiwa mwembamba nakalia ukingo tu, wewe unapata usingizi. Kwa mlo huu nitakalia chote."

Kikakaa. Jiko likaanza kuzunguka taratibu, na liliposimama halikuwa jiko tena. Lilikuwa duka la dawa. Nyuma ya kaunta walisimama Sahani Iliyojaa na Sahani Tupu, wote wawili wamevaa makoti meupe.

"Dawa humezwa na chakula," alisema Sahani Iliyojaa.

"Humezwa bila chakula," alisema Sahani Tupu.

"Siku naichukua hapa dirishani mlikuwa wapi?" nikauliza.

"Tulikuwepo," wakajibu kwa pamoja. "Hukuuliza."

Hapo damu ilinichemka. "Niulize? Kwani mimi ndiye niliyesomea dawa? Mimi nina stashahada ya ugavi. Mzigo ukija kwangu bila maelezo, unarudi ulikotoka siku hiyo hiyo!"

Sahani Iliyojaa hakutikisika. "Mama yako alikupa kwinini juu ya ugali. Ulikufa?"

"Hii ni kwinini?"

"Ni dawa."

"Hata maji ya betri ni dawa ya betri! Utanipa na ugali?"

"Basi iwe bila chakula," alisema Sahani Tupu, akapiga kengele.

Wakaingia wabebaji. Hawakusalimia. Walitoa friji yangu, wakatoa chane za ndizi, wakang'oa mgomba wenyewe na mizizi yake, wakambeba kuku wa jirani akiwa bado anataga. Nikawaambia tumbo tupu si nyumba tupu. Hakuna aliyegeuka. Mwisho wakamchukua ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma aliyeandaliwa kwa ajili ya sendofu, wakatoka naye mlangoni akiwa na majani yake mdomoni.

Hapo ndipo nilipokimbia. Friji itanunuliwa nyingine. Lakini sendofu bila ndafu, nitawaeleza nini wakwe?

Nilimfuata hadi ukumbini. Kila mtu yuko tayari. Mawifi wamevaa sare, kamati imekaa mbele, na mshereheshaji anapuliza kipaza sauti.

"Mama mzazi! Tunaomba asimame, amkabidhi binti!"

Najaribu kusimama. Magoti yanakubali, kichwa kinakataa. Kidonge kimejaa juu yangu, kinapumua.

"Mama, simama," anasema Aikande. Hanilaumu. Anasema kwa sauti ndogo, kama alivyokuwa akiniita utotoni akiamka usiku. Afadhali angenitukana.

Ndafu alinitazama kutoka mezani. "Jikaze, mama," alisema bila kutema majani. "Mimi nimechomwa tangu alfajiri na bado nimesimama."

"Teremka!" nikakifokea kidonge. "Kesho nakutupa chooni, wewe na pakiti yako nzima!"

"Nitupe," kikasema. "Mji wa mimba utaulinda kwa mwiko?"

Nilikasirika mara mbili, kwa sababu kilisema kweli.

"Basi unataka nini?"

"Mimi sitaki kitu. Wewe ndiye uliyesema karibu."

"Na nisiposema?"

"Naingia nilivyo, mdogo. Nafanya kazi yangu, na asubuhi nakuachia kichwa chako."

"Mbona hukuniambia tangu mwanzo?"

"Mama Aikande, uliona wapi mgeni akikataa pilau?"

"Mama mzazi, ukumbi unasubiri!" alipaza sauti mshereheshaji. Nikakisukuma kidonge kwa mikono miwili, nikapiga kelele, nikaamka.

Kulishakucha. Nilikuwa nimekaa kitandani, mikono juu ya kichwa. Chumba kiliyumba kidogo, kikatulia. Wifi Nanzia alikuwa mlangoni na kikombe cha chai.

"Wifi, unagombana na nani?"

"Na kidonge. Si wewe uliyesema nikimeze nikiwa nimeshiba?"

"Nilisema dawa. Sikusema hiyo."

Nilimwangalia mpaka akaondoka na chai yake. Kisha nikampigia daktari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kile kidonge chako cha usiku, kinakula au hakili?"

"Mama, jana ulikimeza na nini?"

"Na pilau. Na mafuta ya chini ya sufuria."

"Ndiyo maana unayumba. Chakula, hasa cha mafuta, kinafanya dawa iingie mwilini kwa wingi zaidi. Wewe kula mapema, kidonge ukimeze unapopanda kitandani, tumbo likiwa limeshatulia. Fanya hivyo hivyo kila siku, na usikiache. Ukiendelea kuyumba, njoo nikuone."

"Na kwa nini sikuambiwa?"

"Nilijua duka la dawa watakueleza."

"Nao walijua wewe umenieleza! Mimi nijue lini? Siku nitakapoanguka mbele ya wakwe?"

Akaomba radhi. Nikaipokea, lakini nusu. Muda wote ninaomeza dawa hii, mtu pekee aliyenieleza jambo lenye maana ni dawa yenyewe, tena usingizini.

Nikafungua droo ya kando ya kitanda nihesabu kama vidonge vitanifikisha Jumamosi. Vilikuwepo, vimelala kila kimoja kwenye kitundu chake, vyembamba, vyeupe, visivyo na hatia.

Kitundu cha jana ndicho kilichokuwa cha mwisho kufunguliwa. Pembeni mwake, juu ya karatasi ya fedha iliyochanika, kulikuwa na iliki moja na karafuu mbili, zimepangwa kwa adabu, mstari ulionyooka.

Nikaifunga droo. Leo sisemi karibu.